Simu Iliyomhamisha Mama

Mama alihamia Migwani kwa sababu ya simu. Hivyo ndivyo nilivyowajibu akina mama wa kanisa walipotaka kujua kwa nini nafasi yake kwenye benchi la mbele ilikuwa wazi Jumapili baada ya Jumapili. Na hivyo ndivyo nilivyojiambia mwenyewe kila nilipofunga mlango wa chumba chake ili kuku wasiingie kutagia kitandani. Nyumbani kwa mdogo wangu kulikuwa na chombo cheusi kinacholia. Kwangu hakikuwako. Basi.

Sisi ni watu wa Mbooni, upande wa juu, ambako asubuhi ya mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado unapuliza vidole. Tulikuwa watatu: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kike aliyenifuata, na mvulana aliyekuja baada ya miaka mingi, wakati mama alishagawa nguo zote za kitoto. Baba alikuwa mkulima wa machungwa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yote ya mwisho.

Mimi nilisomea ualimu miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, nikafundisha shule ya msingi iliyo chini tu ya shamba letu. Niliolewa mara moja, ng'ambo ya bonde. Ndoa ilinishinda, nikarudi kwa baba na sanduku langu. Sikuwa na mtoto. Kwetu mwanamke aliyerudi hupewa kona ya shamba, kisha watu hunyamaza. Nilijenga kwenye kona yangu, na baba alipofariki nilimwambia mama aje tukae pamoja. Akaja. Nilikuwa nikimtandikia, nikimpikia, nikimfulia nguo, Jumapili nikimshika mkono tukiteremka kanisani. Nilijiona mtoto mwema, na watu waliniambia hivyo.

Mdogo wangu ndiye aliyewahi kuivunja nyumba yetu. Alikwenda Kitui kujifunza ushonaji, akakutana na mfanyabiashara wa vitambaa. Mwislamu. Ukoo wake ulitoka pwani zamani za babu yake, lakini yeye alizaliwa Kitui na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wazee wake walipoleta mbuzi wa mahari, baba aliwazuia langoni na mbuzi wakarudi walikotoka. Mdogo wangu akaolewa bila sisi. Baba hakulitaja jina lake tena hadi alipokufa. Mama naye hakulitaja mbele ya baba.

Siku ya mazishi ya baba, shemeji alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama na wanaume waliokuwa wakifukia kaburi, akashika sepetu mpaka mwisho, akanawa, akaondoka. Baadaye alileta tena mbuzi, na mara hii mama alisema wafungwe kwenye mchungwa ulio karibu na zizi. Nikakumbuka kwamba nilipoachika mimi, mbuzi walitoka kwetu kwenda kurudishwa, na mama alilia wiki nzima.

Hata hivyo mama hakuwahi kulala kwa mdogo wangu. Alikuwa na sababu ambayo hakuna Mkamba angeihoji. Kwetu mama na mume wa binti yake huoneana haya, tunaiita nthoni. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mama wa kanisa kama mama yangu aliacha mengi ya zamani, lakini hilo hakuliacha. Kwa hiyo nilikuwa na amani. Nilijua mama ni wangu.

Kisha kitindamimba wetu akapata nafasi ya kusoma Amerika, miaka ya themanini ikianza. Tulimchangia, tukamwombea, tukampeleka uwanja wa ndege kwa lori la machungwa. Akapotea kule. Barua zilikuja zikiwa zimechelewa hata habari zenyewe zimeshabadilika: anasema ana baridi na huku amekwisha kupata koti.

Wakati huohuo shemeji, ambaye sasa alikuwa na duka Migwani, aliwekewa simu. Mwanzoni ilikuwa dukani, juu ya majora ya vitambaa, simu ya kuzungusha mkono ubavuni halafu anajibu opareta. Wateja walikuwa wakiisumbua, akaihamishia nyumbani, nyuma ya duka. Ndugu yetu akapewa nambari. Na Jumapili moja alasiri, mdogo wangu akiwa anapika, ikalia, na alikuwa yeye.

Habari ilinifikia kupitia dereva wa lori la mahindi. Alisimama sokoni Kikima akaniita, "Mwalimu! Mdogo wako anasema wamezungumza na yule wa Amerika. Anasema sauti ilikuwa wazi kama yuko jikoni. Atapiga tena Jumapili ya kwanza ya mwezi, mama apelekwe."

Nilipanda mlima na habari ile kifuani kama mtu aliyemeza jiwe. Miaka yote mimi ndiye niliyesoma barua zake kwa sauti, mama akiwa ameketi kando yangu. Niliposema "mama mpendwa" ni mdomo wangu uliosema. Sasa ndugu yetu angesema mwenyewe, na angesemea kwa mdogo wangu.

Nilimwambia mama, nikitegemea aseme hawezi kwenda kwa mkwe. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi nitafutie kiondo kile kikubwa."

Tulikwenda pamoja mara hiyo ya kwanza. Kutoka Mbooni unateremka hadi Machakos, unapanda basi la Kitui, halafu lingine la Mwingi linalokushusha Migwani ukiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nilikuwa na hamu ya kuona shemeji atafanyaje na nthoni. Alifanya hivi: alitungika pazia zito la bluu katikati ya sebule, kutoka ukutani hadi ukutani. Upande mmoja simu na viti vya wanawake, upande mwingine kiti chake. Tulipoingia tulisikia sauti yake ikitoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama. Karibuni nyumbani. Mimi natoka, nyumba ni yenu."

Tukasikia viatu vyake, kisha mlango wa dukani. Mama alisimama katikati ya chumba na kiondo chake, akalitazama lile pazia kutoka juu hadi chini. Nilidhani amekasirika. Alikuwa akitabasamu.

Simu ilikuwa juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kudarizi, na kando yake kiti chenye mto. Mdogo wangu alikuwa amevaa leso mpya. Watoto walikuwa wameogeshwa, wamepangwa kwenye mkeka. Ilipolia, niliona mdogo wangu akingoja ilie mara ya pili, kama mtu asiye na haraka, ndipo akanyanyua. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

"Haloo. Ndiyo, Migwani. Ndiyo opareta, tuko tayari."

Alizungumza naye kwanza. Walicheka. Walikuwa na maneno yao ambayo sikuyajua, ya mara ile ya kwanza. Kisha akampa mama, akamshikia chombo sikioni kwa sababu mama alikuwa amekishika juu chini. Mama alipiga kelele kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde, "Mwanangu! Umekula?" Kila mtu alilia, nami nikalia, siwezi kukataa. Kila mtoto akasalimia. Ndipo mdogo wangu akanipa.

"Dada! Hujambo dada?" Ilikuwa ni sauti yake kweli, nzito kidogo.

"Sijambo. Ndugu yangu, machungwa ya mwaka huu..."

"Dada, wakati unaniishia. Mambo mengine nimemwambia, atakueleza."

Ikakatika. Nilibaki nimeshika kile chombo kikivuma. Mdogo wangu akaniondolea mkononi taratibu, akakirudisha mahali pake, akapangusa vumbi ambalo sikuliona.

"Ukae ule, dada," akasema. "Nitakueleza yote."

Alinieleza, na kwa kweli hakuacha kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alinipa kila kitu kwa moyo mweupe, na kila kitu kilikuwa chake cha kutoa.

Baada ya hapo mama alikuwa akienda mwenyewe. Mwanzoni alirudi Jumatatu. Kisha Jumatano. Kisha akawa anakwenda mapema kabla ya Jumapili yenyewe, eti basi lisije likaharibika njiani. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikafika akiwa Migwani, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nilipanda maharagwe bila mama kwenye mstari wa pili. Aliporudi alikuwa ameleta tende na hadithi. Mjukuu fulani ameng'oka jino. Shemeji amemnunulia blanketi, amelipitishia chini ya pazia. Siku moja nilimwuliza kama chai imetosha, akajibu, "Alhamdulillahi," halafu akaendelea kunywa. Hakutambua alichosema. Nikainuka nikaenda kutazama ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Nilikwenda ofisi ya simu Machakos kuomba laini yangu. Nilivaa suti ya kijivu ya kwendea mikutano ya walimu. Karani alikuwa mpole.

"Nguzo ya mwisho kwenu iko wapi, mwalimu?"

"Iko sokoni Kikima."

"Na nyumba yako?"

"Juu."

"Juu kiasi gani?"

Nikamweleza njia, kanisa, shule, mtaro, kona, kilima. Aliandika kidogo, akaacha, akaiweka kalamu. "Tuma maombi," akasema, "lakini usiache kuandika barua." Nilituma maombi. Kila nilipopita kwenye nguzo ile ya mwisho pale sokoni, yenye waya uliofungwa kama mbuzi asiye na pa kwenda, nilikuwa nikiiangalia kwa hasira. Nguzo za Migwani zilikuwa zinasimama kwenye mchanga, kwenye jua kali, kwenye nchi ambayo hata mahindi yanaikataa. Na bado zilifika.

Mwaka mmoja, ilikuwa baada ya mavuno, mama alikuja na mtoto wa kiume wa mdogo wangu, kijana mkubwa tayari, akamwelekeza kwenye sanduku lake. Biblia, nguo za kanisa, picha ya baba.

"Unahama," nikasema.

"Siendi mbali. Ni simu, mwanangu. Nimezeeka, siwezi kupanda na kushuka mlima huu kila mwezi. Na siku nyingine anapiga bila kutuambia. Nisipokuwepo?"

Nilifunga sanduku kwa kamba kwa sababu kufuli lilikuwa limeharibika. Nilishika upande mmoja, kijana akashika mwingine, tukateremka nalo hadi barabarani. Nilirudi, nikatandika kile kitanda upya.

Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa naenda Migwani likizo, nikikaa upande wetu wa pazia kama mgeni. Mama na shemeji walikuwa na mazoea ya ajabu. Jioni, duka likifungwa, alikuwa anaketi upande wake, mama upande wake, na walizungumza kupitia kitambaa. Bei ya mtama, nani amekufa Kitui, kama Nuhu wa Korani ndiye Nuhu wa Biblia. Mama alikuwa akibishana. Sikuwahi kumsikia mama akibishana na mwanamume. Kiswahili chake, ambacho kwetu kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kilinyooka mpaka nikaona aibu kwa changu cha chuo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini simu ile ikaanza kuugua. Mara mchwa wameangusha nguzo, mara waya umeibwa, mara inalia na ukiinua ni mtu wa Mwingi anatafuta daktari wa mifugo. Ndugu yetu, ambaye sasa alikuwa na mke na kazi hospitalini kule, alikuwa anajaribu mara nyingi bila kufanikiwa. Na hapo ndipo nikasikia jambo la kompyuta.

Nililisikia kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa na binti Uingereza. Alisema Machakos kumefunguliwa chuo kidogo cha kompyuta, juu ya duka la viatu, na kwamba mashine zile zina intaneti, na mtu anaweza kuzungumza na aliye ng'ambo, sauti kwa sauti, kupitia mashine, muda atakao. "Bila simu?" nikauliza. "Bila simu," akasema.

Sikuwa na sababu nyingine ya kujifunza kompyuta. Nilikuwa nakaribia kustaafu, macho yangu yalihitaji miwani hata ya kuona chaki. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeketi kwenye chuo kile, kati ya wasichana wa ukarani, nikijifunza kushika kile kipanya kisikimbie mezani. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa katibu muhtasi ofisi za serikali. Alikuwa mkali na alinipenda. Aliponionyesha nyuma ya mashine, niliona waya mwembamba unatoka pale unaingia ukutani.

"Huo unakwenda wapi?"

"Kwenye laini ya simu," akasema. "Intaneti inapita humohumo."

Nilishtuka kidogo. Lakini nikajiambia haidhuru, hii ni ya Machakos, si ya Migwani.

Nilimwandikia ndugu yetu kwa mashine ileile, nikabonyeza, na kabla sijateremka kwenye ngazi alishajibu. Alifurahi mno. Akanieleza programu ya kuweka, mama mwalimu akaiweka, tukapanga Jumamosi alasiri, ambayo kwake ni asubuhi.

Nilikuwa na ndugu yangu peke yangu. Nilivaa ile mikrofoni ya masikioni, nikangoja, na sauti yake ikaja ikiwa imekatika vipande kama mtu anayezungumza huku anatafuna.

"Dada! Ni wewe? Wewe mwenyewe ndiye uliyefungua?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Ajabu! Dada, wewe ni mtu wa ajabu."

Nilihisi joto usoni kama msichana. Nilimweleza habari za machungwa, zile ambazo hakuwa na muda nazo tangu miaka ile. Nilimweleza kuhusu kaburi la baba, tumelijengea saruji. Aliitikia. Kisha nikamaliza. Sikutarajia nitamaliza. Tulikuwa na muda wote duniani na tukawa tunasikiliza ule mvumo. Sauti ilikuwa inachelewa, kila mmoja akianza tunagongana, halafu wote tunasubiri.

"Na mama?" akauliza. "Bado anabishana na shemeji?"

Alijua kuhusu ubishi ule. Alijua majina ya wajukuu wote na nani ana pumu. Nilimjibu. Lakini nilipokuwa nateremka ngazi nilikuwa nimekwisha kupanga: nitamleta mama Machakos, ataona mashine, na simu ya Migwani itakuwa haina kazi.

Nilimleta. Mdogo wangu akaja naye. Mama mwalimu alimvika mama mikrofoni juu ya kitambaa cha kichwa, na mama akakaa wima kabisa. Sauti ilipokuja alitazama nyuma ya mashine. Lakini alizoea upesi, upesi kuliko mimi. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Ndugu yetu alisema sasa hatapiga simu tena, ile ya kawaida inamwumiza na haipatikani. Kila mwezi tutakutana hapa Machakos, kwa dada. Alisema hivyo, "kwa dada." Niliangalia chini ili mdogo wangu asinione.

Tulipofika kituo cha basi mdogo wangu akasema, "Basi ile simu nitairudisha. Nilikuwa naiweka kwa ajili yake tu. Mume wangu alishataka ikatwe zamani."

"Ni sawa," nikasema. "Haina kazi."

Alipokwenda Kitui kuirudisha aliibeba kwenye leso, kama mtoto mgonjwa. Ni yeye aliyenieleza. Alisema karani aliitupa kwenye rundo la simu nyingine bila kuitazama.

Mimi nilikuwa napaka chokaa chumba cha mama. Nilinunua godoro jipya, nikaweka pazia la maua dirishani. Machakos kutoka Mbooni ni karibu kuliko kutoka Migwani. Hata mtoto angeona. Nilikwenda kumchukua nikiwa na uhakika hata sikumpelekea habari mapema.

Nilimkuta ameketi nje, amezungukwa na maharagwe, anapepeta huku anamkaripia mtu ndani ya nyumba. Tulisalimiana. Tuliingia sebuleni. Meza ya simu bado ilikuwepo, na juu ya kile kitambaa cha kudarizi palikuwa na redio.

"Mama, nimekuja tuende nyumbani," nikasema.

"Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Chumba chako kiko tayari. Simu imekwisha, mama. Sasa tunazungumza naye kutoka Machakos. Huna haja ya kukaa huku."

Mama aliketi. Alijipangusa makapi kwenye nguo.

"Nani alikuambia nilikuja kwa simu?"

"Wewe mwenyewe!"

"Ilikuwa lazima niseme kitu," mama akasema. "Ningewaambia nini wanawake wa kanisa? Kwamba naenda kukaa kwa mkwe wangu, Mwislamu, kwa sababu napenda? Wangenila mzima. Nawe ungenila. Simu ilikuja, nikashukuru Mungu."

Nilisikia kiti kikisogea upande wa pili wa pazia. Shemeji alikohoa, kisha akatoka kwa haraka akaufunga mlango wa dukani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Lakini kwako hunipi kazi. Nikishika fagio unalichukua. Nikiinua sufuria unasema pumzika. Nyumba yako ni safi na kimya, nilikuwa nakaa pale namsikiliza baba yenu akiwa amekufa. Hapa wananipigia kelele. Mdogo wako ananituma dukani! Juzi kanigombeza kwa kuunguza sufuria ya muthokoi. Unajua tangu lini mtu hajanigombeza?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Ningependa kusema alikuwa na furaha usoni, ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa na huruma, na hiyo sikuitaka.

"Dada, ukae ule," akasema.

Sikula. Nilipanda basi la jioni, na huko Machakos nililala kwa yule mama mwalimu wa kompyuta, ambaye hakuniuliza kitu. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nimeionea wivu simu. Niliionea wivu kama mtu mwenye nywele na leso. Sasa ilikuwa imetupwa Kitui kwenye rundo, na mama hajarudi, na nilibaki na wivu wangu mkononi bila mahali pa kuuweka ila kwa mdogo wangu mwenyewe: kwa sufuria zake, kwa kelele za watoto wake, kwa ulimi wake usiojua kumheshimu mama.

Tuliendelea kukutana Machakos. Wao walitoka Migwani, mimi nilishuka mlimani, na tulipishana kwenye ngazi za duka la viatu tukijua nani amechelewa. Mimi ndiye niliyejua kuifungua mashine. Waliniachia kiti cha mbele na kungoja, na nilikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo, kusafisha miwani, kuandika neno la siri polepole. Mdogo wangu aliomba nimfundishe. Nilimwambia ni ngumu. Aliomba tena. Nilimwambia macho yake hayataweza, naye ni mshonaji, anatunga uzi kwenye sindano gizani.

Mama ndiye aliyekata maneno, siku moja mashine ikiwa bado inapiga kelele zake za kuunganisha.

"Mfundishe mwenzako," akasema. "Ukiugua wewe, tutakaa hapa tunaitazama hii kama ng'ombe?"

Nikamfundisha. Alishika haraka, kama nilivyoogopa. Jumamosi yetu ya mwezi uliofuata, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Mbooni na nilifika nimechelewa kweli, viatu vikiwa na matope mpaka kwenye visigino. Niliwasikia nikiwa bado kwenye ngazi: mama anapiga kelele, mdogo wangu anacheka, na kwa mbali ile sauti ya vipande. Wameanza bila mimi. Nilisimama pale juu, mkono kwenye ukuta, na moyo ukafanya kile ulichozoea kufanya.

Mdogo wangu akageuka akaniona. Akavua ile mikrofoni kichwani katikati ya neno.

"Ngoja," akaiambia mashine. "Dada amefika." Akainuka kwenye kiti. "Amekuwa akikuulizia tangu tulipofungua. Keti."

Nikaketi. Kiti kilikuwa na joto lake. Nilivaa kile kitu, nikasikia mvumo, na ndugu yangu akasema, "Dada?" akangoja. Nilitafuta neno. Nilimwambia mvua imenyesha Mbooni, nyingi, na kwamba barabara imekatika pale chini ya shule, na kwamba nimetembea.

"Kwa miguu? Mpaka wapi?"

"Mpaka Kikima," nikasema.

Mama alikuwa amesogea karibu kusikiliza. "Mwambie nitakuja Mbooni kupanda nawe," akaniambia, akinigusa bega. "Wiki mbili tu. Kisha nitarudi."

Nikamwambia. Mdogo wangu alisimama nyuma yetu, na nilipogeuka kumtazama aliutazama ukuta ili nisimwone uso.